Tuwapeleke Walimu Kwanza: Hifadhi za Taifa Kama Darasa

Kila mwaka, hasa baada ya mitihani ya muhula, mabasi ya shule za sekondari huonekana kwenye malango ya hifadhi zetu za taifa. Wanafunzi huteremka wakiwa katika sare zao, huhesabiwa, mwalimu hulipa ada langoni, kisha basi huingia. Saa tatu au nne baadaye hutoka. Ukimsimamisha mmojawapo ukamwuliza amejifunza nini, aghalabu atakujibu kwa kuwataja wanyama aliowaona: tembo, twiga, pundamilia na, ikiwa bahati ilikuwa yake, simba. Hilo ni jibu la mtalii, si la mwanafunzi wa sayansi. Wala simlaumu mwanafunzi, kwani alipelekwa kitalii, naye akarudi kitalii.

Nakusudia kutoa hoja moja ambayo ni nyepesi kuieleza ingawa si nyepesi kuitekeleza. Nayo ni kwamba fedha yoyote inayopatikana kwa ajili ya kuzifanya hifadhi za taifa kuwa madarasa ya nje, iwe ni ya Serikali, ya wafadhili au ya wazazi, itumike kwanza kwa mwalimu. Apelekwe yeye pamoja na walimu wenzake, bila ya mwanafunzi hata mmoja, akae humo siku mbili, atembee, apime, aulize, akosee na arudie. Mwanafunzi afuate baadaye. Najua wapo watakaosema kuwa hii ni anasa ya kuwatembeza watu wazima huku watoto wakibaki nyumbani. Nawaomba wanivumilie.

Nimefuatana na misafara kadhaa ya aina hii, kwa sababu kazi yangu ni kuwafundisha wale watakaokuwa walimu wa bayolojia. Mpangilio wake haubadiliki. Mbele ya basi husimama mwongozaji, ambaye huwa ni kijana mchangamfu anayeijua kazi yake, na kazi yake ni kuwafurahisha wageni. Huwaeleza wanafunzi kwamba tembo dume aliyekomaa huweza kufikia uzito wa tani sita, na kwamba mimba ya tembo huchukua miezi 22. Wanafunzi huandika. Huelezwa pia kwamba twiga ana mifupa saba tu ya shingo, sawasawa na mwanadamu, nao huandika. Yote hayo ni kweli, na yote yangeweza kusomwa darasani siku ya mvua. Na mwalimu yuko wapi? Yuko kiti cha nyuma kabisa, anahesabu chupa za maji na kuwakemea wanaotoa vichwa dirishani.

Ukimya huu wa mwalimu ndio kiini cha jambo lote. Darasani mwalimu ndiye ajuaye. Kitabu kina kurasa zake, na swali la mwanafunzi kwa kawaida halitoki nje ya kurasa hizo. Hifadhini mwanafunzi hunyosha kidole akauliza mti ule ni mti gani, na kwa nini upande huu nyasi ni fupi na upande ule zinafika kiunoni. Mwalimu huyu alisoma ikolojia kwa chaki ubaoni. Mwalimu aliyemfundisha naye alisoma hivyo hivyo. Hajawahi kukaa chini ya mti akauangalia kwa saa nzima akiwa na daftari. Basi hunyamaza ili alinde heshima yake, na heshima ya mwalimu mbele ya wanafunzi 60 si jambo la kudharau. Kumbe angekuwa amefika hapo kabla, angejua kwamba maneno “sijui, hebu tuangalie” ndiyo mwanzo wa sayansi yenyewe, na angeyatamka bila ya hofu.

Miaka niliyokuwa masomoni Uingereza nilipata kuviona vituo vyao vya masomo ya nje. Wenzetu hao walianzisha baraza la kusimamia vituo hivyo mwaka 1943, katikati ya vita, na kituo cha kwanza kikafunguliwa mwaka 1946. Nilichokikuta huko kilinishangaza kwa ukavu wake. Kilima kitupu, upepo, manyunyu, na wanafunzi wa miaka kumi na sita wamepiga magoti wakihesabu aina za nyasi ndani ya fremu ya mraba. Hapakuwa na mnyama mkubwa kuliko kondoo. Lakini kila mwanafunzi alikuwa na swali lililoandikwa kabla ya kutoka, na jioni walibishana juu ya hesabu zao hadi wakati wa chakula. Sisi tunao tembo, na hatuhesabu kitu.

Sisemi tuige kilima chao. Nasema tunayo mambo makubwa zaidi ya kuyasoma, na natoa mfano mmoja, ambao nauona kuwa somo bora kabisa la ikolojia ambalo nchi hii imeupatia ulimwengu. Mahali pake ni Serengeti, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1951. Katika miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa virusi unaowashambulia ng'ombe na wanyama wa jamii yao, uliingia Afrika ya Mashariki ukitokea kaskazini. Uliua ng'ombe wa wafugaji kwa wingi wa kutisha, na watu wakafa njaa. Kadhalika uliua nyati na nyumbu wa porini. Baada ya wimbi lile la kwanza ugonjwa haukuondoka. Ulibaki ukizunguka, ukiwafyeka nyumbu wachanga kabla hawajakomaa. Ndipo, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ng'ombe wa wafugaji waliokuwa pembezoni walichanjwa kwa wingi. Hapana nyumbu aliyechanjwa. Hata hivyo sotoka ulitoweka miongoni mwa nyumbu, maana chemchemi ya ugonjwa ilikuwa ni ng'ombe. Hesabu zilizofanywa kwa ndege zilionyesha nyumbu wapatao 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamefikia 1,300,000 hivi.

Mambo hayakuishia hapo. Nyumbu wengi hula nyasi nyingi. Nyasi zilizobaki kufikia kiangazi zilipungua, na moto ukakosa cha kuunguza. Moto ulipopungua, miche ya miti ambayo hapo kabla iliteketea mwaka hata mwaka ikapata nafasi ya kukua, na misitu ikaongezeka. Yaani sindano iliyomchoma ng'ombe nje ya hifadhi ndiyo iliyoukuza mti ndani ya hifadhi. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka umetokomezwa duniani kote, ukawa ugonjwa wa pili kufikia hali hiyo baada ya ndui. Hapa mwalimu wa bayolojia ana virusi, kinga, mlolongo wa chakula na mabadiliko ya idadi ya viumbe. Mwalimu wa historia ana njaa ya miaka ya 1890 na kuingia kwa wakoloni katika nchi iliyokwisha kudhoofika. Mwalimu wa jiografia ana moto na uoto. Nimewauliza walimu wengi kama wanakifahamu kisa hiki. Wachache walikuwa wamekisikia, na hata hao hawakuwa wamekisikia chuoni.

Hata hivyo Serengeti ni mbali kwa shule nyingi, na gharama ya kufika huko ni kubwa. Nimeitaja kwa ajili ya wazo, si kwa ajili ya safari. Wazo lenyewe ni hili: hifadhi ya taifa ina thamani kwa mwanafunzi kwa sababu ni kilinganishi. Ardhi tunayoishi imelimwa, imechungiwa, imekatwa kuni na kuchomwa moto. Tutajuaje kazi hizo zimeifanyia nini, ikiwa hatuna mahali pa kuilinganisha nayo? Kwa hiyo safari ya hifadhini huanzia uwanjani mwa shule. Chukua vijiti vinne na kamba, ufanye mraba wenye upande wa meta moja. Utupe bila kuchagua mahali, mara kumi, nyuma ya mabweni au kando ya shamba la shule. Kila mara wanafunzi wahesabu ni aina ngapi za mimea zimo ndani yake, hata kama hawayajui majina. Waite ya kwanza A, ya pili B. Wapime urefu wa nyasi, wakadirie ni sehemu gani ya mraba iliyo ardhi tupu. Kisha mraba ule ule, kwa mikono ile ile, ukatupwe hifadhini, mahali ambapo mhifadhi ameruhusu watu kuteremka. Sasa mwanafunzi ana safu mbili za tarakimu, na safu mbili za tarakimu zikitofautiana, swali la “kwa nini” huja lenyewe. Gharama yake ni kamba.

Wakati mwingine hazitofautiani, au hutofautiana kinyume cha matarajio, nyuma ya bweni kukawa na aina nyingi zaidi za mimea kuliko mbugani. Mwalimu asiyejiandaa atadhani zoezi limeharibika. Aliyejiandaa atafurahi, maana magugu nayo ni aina, na mjadala wa wingi wa aina dhidi ya ubora wa malisho umeanza bila ya yeye kuulazimisha.

Tuchukue sasa hifadhi iliyo karibu na shule nyingi. Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina eneo la kilometa za mraba 3,230, na hupasuliwa na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Iringa na Mbeya kwa urefu wa kilometa 50 hivi. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kuteremka ovyo kwenye gari, na hiyo ni sheria ya busara. Lakini hata dirishani pana kazi. Swala pala dume ana pembe, jike hana. Kwa hiyo hata mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeketi kwenye basi huweza kuwatenganisha bila ya darubini. Kila kundi litakaloonekana liandikwe: madume wangapi, majike wangapi, wachanga wangapi, mahali penye miti au penye nyasi tupu. Wanafunzi wa upande wa kushoto wahesabu ya kushoto tu, na wa kulia ya kulia tu, la sivyo kundi moja litahesabiwa mara mbili. Wakati wa kurudi kwa njia ile ile daftari zifungwe, kwa sababu hiyo hiyo. Watakuta makundi ya majike wengi wakiwa na dume mmoja, na makundi mengine ya madume watupu. Wakijumlisha siku nzima, je, madume na majike wanalingana? Na kama hawalingani, ni kwamba madume hufa zaidi, au hujificha zaidi, au basi halikupita wanakokaa? Hilo swali la mwisho ndilo ninalolipenda, kwa sababu linamfundisha mwanafunzi kuishuku takwimu yake mwenyewe. Wastani na uwiano ambao mwalimu wa hisabati ameufundisha kwa bei za machungwa sasa una pembe na mkia.

Barabara yenyewe ni somo, na hapa namkaribisha mwalimu wa fizikia, ambaye kwa kawaida huachwa shuleni siku ya safari kana kwamba hifadhi ni mali ya bayolojia. Abiria wengi waliopita Mikumi wamewahi kumwona mnyama aliyegongwa kando ya lami. Tuchukulie kwamba breki za gari hupunguza mwendo kwa meta 5 kwa sekunde katika kila sekunde, na kwamba dereva huchukua sekunde moja kabla ya kuzikanyaga. Gari likienda kilometa 50 kwa saa litasimama baada ya meta 33 hivi. Likienda kilometa 100 kwa saa litahitaji meta 105, maana mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa breki huongezeka mara nne. Sasa mweke twiga meta 60 mbele. Gari la kwanza limesimama bado njia ipo. La pili linamfikia likiwa bado na mwendo unaozidi kilometa 75 kwa saa. Wanafunzi wakokotoe wenyewe, wakiwa wamekaa ndani ya basi lililopunguza mwendo kwa ajili ya matuta, na waambiwe kwamba matuta yale ambayo dereva anayalalamikia yametokana na hesabu kama hiyo. Sijui somo jingine la mwendo ambalo mwanafunzi atalikumbuka zaidi.

Kusini ya hapo, katika mkoa huo huo wa Morogoro na kuingia Iringa, iko hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992. Hii ni ya namna nyingine kabisa. Hakuna barabara ya magari ndani yake; huingia kwa miguu tu, pamoja na mwongozaji au askari. Kwa mwalimu huo ni utajiri. Milima huanzia kwenye bonde la Kilombero, mwinuko wa meta 250 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi kilele cha Luhombero chenye meta 2,576. Wanafunzi wanaopanda njia ya maporomoko ya Sanje huweza kubeba kipimajoto kimoja, na simu ya mwalimu huonyesha mwinuko. Kanuni ya vitabuni husema kwamba joto hupungua kwa nyuzi 0.6 hivi kwa kila meta 100. Wapime. Hawataipata kanuni hiyo vizuri, kwa sababu msitu una kivuli, jua linapanda wakati wao wanapanda, na mahali penye maji pana ubaridi wake. Waeleze kwa nini hawakuipata. Kipimajoto kiwe cha spiriti, si cha zebaki. Kikivunjika msituni, zebaki haiokoteki.

Lakini sababu yangu kubwa ya kuitaja Udzungwa si kipimajoto. Mwaka 1979 wanasayansi walimtambua katika misitu ile nyani wa aina ambayo ilikuwa haijaandikwa popote, ambaye leo anajulikana ulimwenguni kwa jina la kijiji cha Sanje. Wenyeji walikuwa wakimfahamu siku zote. Miaka iliyofuata kisa kikajirudia. Mwaka 2005 ilitangazwa habari ya kipunji, anayeishi katika misitu ya Rungwe na ya Ndundulu huko Udzungwa, na mwaka 2006 akawekwa katika jenasi yake peke yake, jambo ambalo kwa nyani wa Afrika lilikuwa halijatokea kwa zaidi ya miaka themanini. Nalo jina kipunji si la maabara. Ni la wawindaji wa Kinyakyusa, na watafiti walianza kumtafuta baada ya kuwasikiliza hao. Mwanafunzi ambaye babu yake alikuwa mwindaji ana maktaba nyumbani. Mwalimu ampe kazi ya kuandika majina kumi ya miti kwa lugha ya nyumbani pamoja na matumizi yake kabla ya safari, na mwongozaji msituni amsaidie kuyalinganisha na majina ya kitaalamu. Kwa njia hiyo mwalimu asiyeujua mti hana sababu ya kuona haya, kwa kuwa darasa zima limekuja na majina.

Vijiji vinavyopakana na hifadhi vinatukumbusha jambo zito zaidi, ambalo vitabu vyetu vya kiada hulipita kimya. Watoto wa Mang'ula na Sanje hawaufahamu msitu ule kwa safari ya basi. Wanaufahamu kwa sababu mama zao walikuwa wakiruhusiwa kuokota kuni humo, na mwaka 2011 ruhusa hiyo ikakomeshwa. Wanawafahamu tembo si kwa tani sita, bali kwa mahindi yaliyokanyagwa usiku na kwa kifuta machozi ambacho baba alikisubiri. Mwalimu akiwapeleka watoto hao hifadhini na kuwahubiria kwamba wanyama ni urithi wetu sote, watamsikiliza kwa adabu, kwa sababu wamelelewa, lakini hawatamwamini. Na ndio hao, si wanafunzi wa mjini, watakaoamua kama msitu ule utakuwapo miaka hamsini ijayo.

Naona kwamba hifadhi ni darasa kamili pale tu mabishano yanaporuhusiwa ndani yake. Ipo hoja ya mama mwenye jiko la mafiga matatu, na ipo hoja ya mto ambao chanzo chake kimo msituni humo na ambao shamba la mama huyo huyo hulitegemea. Zote mbili hupimika. Mzigo mmoja wa kuni una kilo ngapi, na familia huutumia siku ngapi? Jiko banifu hupunguza kiasi gani? Wanafunzi wapime kwa mizani jikoni kwao kwa juma moja, kisha wazidishe kwa idadi ya kaya za kijiji. Mahali ambapo wakulima wamejaribu uzio wa mizinga ya nyuki ili kuwazuia tembo, waende wakahesabu mizinga mingapi ina nyuki kweli na mingapi ni mitupu. Mwanafunzi akirudi na jibu linalomwudhi mhifadhi, mhifadhi na alisome. Akirudi na jibu linalomwudhi baba yake, vivyo hivyo. Lakini mwalimu asiyeandaliwa hataithubutu kazi hii, naye ana haki ya kuogopa, maana ataonekana ama mchochezi kwa upande mmoja ama kibaraka kwa upande mwingine.

Tangu zamani hatukukosa mipango. Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilitutaka tuitoe elimu nje ya kuta nne, na shule zikapata mashamba. Katika shule nyingi shamba lilibaki kuwa jembe tu. Hapana aliyepima mavuno ya tuta lenye samadi na lisilo nayo, na mwanafunzi akalichukia. Vilabu vya Malihai vilianzishwa mwaka 1980, na mwaka 1991 wanafunzi wachache wa sekondari za Dar es Salaam walikuwa chanzo cha mpango wa Roots & Shoots ambao umeenea katika nchi nyingi. Shirika la Hifadhi za Taifa nalo lina kitengo cha ujirani mwema ambacho watumishi wake hufika shuleni. Vyombo vipo. Kinachokosekana ni mtu anayesimama katikati ya mhifadhi na mwanafunzi akiwa na swali mkononi, na mtu huyo hawezi kuwa mwingine isipokuwa mwalimu wa shule ile.

Ndiyo maana narudia kusema siku mbili za walimu. Mkoa mmoja huweza kuanza na walimu ishirini. Siku ya kwanza watembee na mhifadhi na mwalimu mmoja wa chuo kikuu, na asizungumze sana huyo wa chuo kikuu. Nasema hivi nikiwafahamu wenzangu. Siku ya pili kila mwalimu aandike karatasi moja tu, ikiwa na swali moja, njia ya kulipima, vifaa na muda, kisha walimu wenzake waifuate karatasi hiyo papo hapo ili ijulikane kama inatekelezeka. Karatasi ishirini zikusanywe, zipigwe chapa, zisambazwe shule zote za mkoa. Vyuo vikuu vitoe watu, kwa kuwa hii nayo ni kazi yetu, ingawa haihesabiwi tunapopandishwa vyeo.

Walimu wataniuliza habari za mtihani. Swali lao ni la haki. Mwalimu hupimwa kwa matokeo ya kidato cha nne, na siku iliyotumika porini ni siku iliyotoka kwenye mada. Nami nawajibu kwamba maswali ya kutafsiri jedwali na grafu huwashinda wanafunzi wetu kwa sababu hawajawahi kutengeneza jedwali la kitu walichokiona wenyewe. Hata hivyo silioni jibu hilo kuwa linatosha. Ingefaa sehemu ya alama za maendeleo ya mwanafunzi itokane na daftari lake la uchunguzi wa nje, lililosainiwa na mwalimu na kukaguliwa. Bila ya hivyo tutaendelea kuwategemea walimu wachache wenye moyo, na moyo haupangiwi bajeti.

Wataniuliza pia habari ya darasa la wanafunzi 80 na basi lenye viti 45. Wasiende wote. Waende walioandika maswali mazuri zaidi, nao wakirudi wawe walimu wa wenzao kwa vipindi viwili, na mraba wa uwanjani utupwe na wote. Ada ya raia langoni ni ndogo sana ikilinganishwa na ya mgeni. Kinachokula fedha ni mafuta na basi, kwa hiyo shule mbili jirani na zikodi basi moja.

Atakayetaka kujaribu mwaka huu aende Mikumi mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa Septemba au Oktoba, kabla ya vuli kuanza. Wakati huo miti ya miombo hutoa majani machanga mekundu ilhali tone la mvua halijaanguka na ardhi imekauka kama tofali. Wanafunzi waulizwe maji ya majani hayo yametoka wapi. Barua kwa mhifadhi iandikwe miezi miwili kabla, itaje kidato, idadi ya wanafunzi, na swali watakalokuja nalo. Hilo la swali litamshangaza, kwani barua nyingi anazozipokea hutaja idadi ya chakula tu. Na wanafunzi waonywe mapema kwamba hakuna kinachotoka hifadhini, si jani, si unyoya, si mfupa wala kinyesi kikavu cha tembo, isipokuwa yale yaliyoandikwa kwenye daftari.